Mtaalamu wa Bunduki wa Kitengela

Jumatatu, 3 Februari 2025

Kazi imepatikana! Karibu ipatikane. Muhumed, yule mfanyabiashara wa kondoo mwenye shamba kule Isinya, amepewa kibali cha kumiliki bunduki. Wezi wa mifugo wamemtembelea mara mbili tangu Krismasi. Mchana kweupe, na pickup. Sasa anatafuta bunduki ya kutegemewa na mtu wa kusimamia walinzi wake. Kazi inakuja na nyumba ya mawe. Tangi la maji liko. Mimi niko na miaka hamsini na mbili, chumba kimoja hapa Kitengela, na mfereji unaotoa hewa.

Nimemwambia nilifanya kazi kitengo cha silaha, kampuni ya ulinzi, Nairobi, miaka tisa. Si uongo mkubwa. Nilikuwa stoo. Rungu pia ni silaha.

Evalyne, mke wangu, ameuliza kama nimewahi kushika bunduki hata siku moja. Maswali ya aina hii ndiyo hurudisha familia nyuma.

Jumatano, 5 Februari

Nimetazama video kumi na nne kwa simu. Kuna bunduki aina ya Brandvold. Mzungu mmoja mwenye ndevu anaibusu. Kuna nyingine aina ya Tarnok. Hakuna anayeibusu. Nimeamua.

Nikaenda kwa Muhumed, kwenye duka lake la nafaka, kumfundisha. Nikamwambia bunduki bora hujulikana kwa uzito, kwa mng'ao wa mbao, na kwa mlio wake ikifungwa: ilie kama mlango wa gari jipya. Alisikiliza akitikisa kichwa. Akaniongezea chai. Nikaiona ile nyumba ya mawe, na mimi nimeketi mlangoni.

Halafu akaingia Kuntai.

Kuntai alikuwa askari wa wanyamapori miaka ishirini na sita. Amestaafu, anachunga ng'ombe wake Isinya. Ni mrefu, mkimya, wa kuudhi. Anaitaka kazi hiyohiyo. Na Muhumed akamuuliza maoni yake, mimi nikiwa palepale na kikombe mkononi!

Kuntai akasema hajui bunduki iliyo bora kuliko zote. Akasema mwende kwa fundi anayezitengeneza, mumuulize ni zipi zinarudi kwake kila mara. Muulize kama risasi zake na vipuri viko dukani mwaka mzima. Halafu muimwagie vumbi la huku kwetu, mfungue na kufunga mara hamsini, muone kama inakwama. Yeye mwenyewe alibeba Tarnok mpaka rangi ikaisha yote, na haikumwangusha.

Rangi imeisha! Na bado anaisifu.

Nimekunywa chai yangu ikiwa imepoa.

Ijumaa, 7 Februari

Muhumed amewaza siku mbili. Anaelekea kwa Kuntai. Nilimwona akiandika jina la fundi kwenye karatasi.

Sikuwa na njia. Baada ya sala ya Ijumaa nilimngoja nje ya msikiti, nikamvuta kando. Nikamwambia, kwa huzuni nyingi, kwamba watu wanasema Kuntai hupewa kitu kidogo na wanaouza Tarnok. Sikusema ni kweli. Nilisema watu wanasema. Na mimi ni mtu.

 Muhumed akasema, "Kumbe. Na nilikuwa nimemwamini."

Nilijisikia vibaya mpaka nikafika stendi.

Jumamosi, 8 Februari

Kuntai amekuja dukani, akaambiwa hahitajiki. Hakuambiwa sababu. Alisimama pale kidogo, akashika mlango kama mtu aliyesahau kitu. Akanisalimia kwa Kimaasai, "Sopa, Mbaluka." Nikaitika "Ipa" nikiangalia magunia ya mchele.

Muhumed ameagiza Brandvold. Fundi hakuulizwa.

Jumanne, 11 Februari

Siku ya aibu. Ya Macharia, si yangu.

Macharia ndiye mwalimu wa uwanja wa shabaha huko Kajiado. Tulienda kuijaribu Brandvold. Inang'aa! Mbao zake unaweza kujitazamia ukinyoa ndevu. Muhumed akasema mtaalamu aanze. Macharia akaniuliza nimezoea ya aina gani. Nikasema zote.

Nikalala chini. Nikaweka jicho karibu kabisa na ile darubini ya juu, maana mtu akitaka kuona vizuri husogea. Macharia akapiga kelele, "Mzee, rudisha kichwa nyu..."

Bunduki ilirudi nyuma kama teke la punda. Darubini ikanigonga juu ya jicho. Damu mpaka shingoni. Risasi haijulikani ilikoenda. Nimebaki na alama ya duara, kama muhuri wa chifu.

Nikamweleza Muhumed kwamba hiyo ndiyo dalili ya bunduki yenye nguvu. Macharia alikohoa muda mrefu. Kisha akavuta kile kichuma cha kuingiza risasi, akakivuta tena, akasema kinabana sana, na huku kwetu ni vumbi. Nikamwambia kitalegea. Viatu vipya pia hubana.

Muhumed alinitazama, akatazama bunduki. Alikuwa ameshailipia. Mtu akishalipa huamini.

Kazi ni yangu! Naanza wiki ijayo. Evalyne amenifunga jicho.

Jumanne, 18 Februari

Sina hamu ya kuandika. Naandika ili ukweli ujulikane, kwa sababu Isinya nzima inasimulia vingine.

Saa tisa mchana. Siku yangu ya pili kazini. Pickup ikaingia kupitia ua wa nyuma. Wanaume wanne. Wakaanza kupakia kondoo kama watu wanaopakia kabeji. Muhumed akatoka na Brandvold, akitaka kupiga moja hewani. Akavuta kile kichuma. Kikasimama katikati. Hakiendi mbele, hakirudi. Vumbi la wiki moja tu! Akaniita, "Mbaluka! Mbaluka, niifanye nini?"

Nilikuwa nyuma ya tangi. Nilikuwa nakagua upande huo.

Mwizi mmoja aliiona bunduki imekwama. Hawakukimbia hata. Walimaliza kupakia, wakaondoka polepole. Mmoja alipunga mkono.

Na nani alikuwa anavusha ng'ombe barabarani? Kuntai! Alisikia mayowe, akaona pickup, akawasimamisha ng'ombe wake wote katikati ya njia na yeye mbele yao, na fimbo. Hawakuweza kupita. Walimpiga kwa chuma mpaka mkono ukavunjika, hakusogea. Watu wakafika na pikipiki. Wezi wakatoroka kwa miguu. Kondoo wote wamerudi.

Watu wanamsifu. Lakini ng'ombe walikuwa wanavuka tu! Bahati ikimpata mtu mrefu huitwa ushujaa.

Jumatano, 19 Februari

Muhumed ameniita. Bunduki ilikuwa mezani, imefunguliwa vipande. Amempelekea fundi hatimaye. Fundi amesema tatu kama hiyo ziko kwake zinangoja vipuri vya ng'ambo.

Hakuongea juu ya bunduki. Aliuliza ni nani alimwambia Kuntai anakula kwa wauzaji.

Nikasema watu.

Akasema, "Watu wana majina."

Nilitaja la marehemu mmoja. Muhumed akasema huyo alizikwa mwaka juzi, na yeye mwenyewe alichangia mazishi. Akanyoosha mkono, nikampa funguo za nyumba ya mawe. Alizichukua bila kelele. Afadhali angenitukana.

Kazi amepewa Kuntai, akipona.

Ijumaa, 21 Februari

Evalyne alienda kumwona Kuntai hospitalini Kajiado na chupa ya uji. Amerudi macho mekundu. Akasema, "Baba Ndulu, utaenda umwombe msamaha, ama usikule kwangu."

Nimekula mkate mkavu mara mbili. Nitaenda.

Jumapili, 23 Februari

Nimeenda. Kuntai alikuwa amelala, mkono umefungwa plasta mpaka begani. Nilikuwa nimepanga maneno mengi. Nikasema moja tu, kwamba yule mtu aliyesema ni mimi. Akasema anajua. Alijua tangu siku ile dukani, kwa vile nilivyoangalia mchele. Akauliza jicho langu linaendeleaje.

Hakuna kitu kibaya kama kusamehewa na mtu aliyevunjika mkono. Angalau angekasirika! Amenifanya niwe mdogo mbele ya wagonjwa wote. Kiburi hicho.

Nje, getini, nimekutana na Margaret wa Laiser Hill, aliyekuja kumwona dada yake. Ana ploti kubwa na anaogopa wezi. Bunduki hataki. Anataka kununua mbwa wakali, ila hajui kuchagua. Nimemwambia Mungu ana njia zake: nilifundisha mbwa wa askari miaka kumi na miwili.

Kesho ananipeleka Rongai kuwaona. Wako wanne. Ameuliza tutajuaje yupi mkali wa kweli na yupi anabweka tu.

Nimemwambia aniachie mimi. Sisi wataalamu huwa tunaweka mkono mdomoni mwa mbwa.