Jogoo wa Mama Mkwe Mnadani

Naombeni mtu asinipigie simu leo. Nimeumbuka kanisani, mchana kweupe, mbele ya mama mkwe. (Mkwe mtarajiwa. Baada ya leo, hilo neno "mtarajiwa" limekuwa zito.)

Nataka kumuoa Neema. Mama yake yuko Butiama na sharti lake ni moja: binti yake haolewi na mtu asiyesali. Nikamwambia kwenye simu, "Mama, mimi nasaliga kila Jumapili, huku huku Musoma." Akafurahi. Akasema, "Basi Jumapili hii uje tusali wote."

Mara ya mwisho kufika kanisani ilikuwa harusi ya rafiki, na nilikaa nje karibu na masufuria.

Asubuhi nikawasha pikipiki, shati jeupe, kola imesimama. Misa nikaimudu. Wakisimama nasimama, wakipiga magoti napiga. (Nachelewa kidogo kila mara, kama TV ambayo sauti imeachana na picha.) Mama ananitazama kwa upendo. Nikaona mahari inashuka yenyewe.

Baada ya misa tukatoka nje, katekista akaanza mnada wa matoleo. Mihogo, ndizi, mtama, na jogoo mmoja mwekundu. Hapo ndipo nilipoamka. Mimi nauza viatu vya mitumba sokoni. Hata nikipewa kitu bure nauliza bei ya mwisho.

Katekista akamwinua jogoo. "Tunaanza na elfu ishirini."

Mzee mmoja akasema, "Ishirini na tano."

Mimi nikasema, "Kumi na mbili."

Vichwa vyote vikanigeukia. Nikadhani wameogopa ushindani. Nikasogea, nikampapasa jogoo kifuani. "Katekista, tusidanganyane. Hii ni mifupa imevaa manyoya. Na jicho hili halioni vizuri. Kumi na mbili, uniongezee na mihogo."

Mama mmoja akaficha uso kwenye kitenge. Mabega yanatikisika.

"Kijana," katekista akasema taratibu, "huko kwenu mnada wa kanisa mnashushaga bei?"

"Inategemea na mali."

"Unasali wapi?"

"Musoma. Iringo."

"Jumuiya gani?"

Kwamba jumuiya, vile vikundi vya waumini wa mtaa mmoja, zinaitwa kwa majina ya watakatifu, hilo nalijua. Majina ndiyo yalinikimbia. "Ya Mtakatifu... wa Iringo."

"Huyo bado hajatufikia huku."

Uwanja mzima ukacheka. Mama mkwe hakucheka. Akaja, akamchukua jogoo, akamkumbatia. "Huyu nimemlea tangu kifaranga. Nimemtoa kwa shukrani, kwa sababu Neema amepata mchumba anayesali."

(Nikaangalia pikipiki iko umbali gani.)

Nikamnunua kwa elfu arobaini. Hakuna aliyenipandishia, nilipanda mwenyewe. Nikamshika miguu, nikaanza kuondoka naye. Katekista akakohoa. Kumbe huku ukishanunua unamzawadia mtu: padre, mzee, mgonjwa. Kila anayesali analijua hilo. Nikageuka, nikamkabidhi mama jogoo wake.

Akanivuta pembeni. "Mwanangu, jogoo si kitu. Lakini siku ukiugua huko Musoma, nani atakuja kukuulizia, wakati hata jina la jumuiya yako hulijui? Watu wanakujua kwa kukuona."

Mfanyabiashara mzima, sina hata bei ya kuanzia.

"Neema utampata," akasema. "Ila kwanza usali mwaka mzima, kila Jumapili. Nitauliza."

"Mama, tufanye Jumapili mbili kwa mwezi?" Ulimi huu utaniua.

Mama akageuka aende zake. Jogoo ndiye aliyenitazama, kwa lile lile jicho nililosema halioni.

Kwa hiyo, ndugu zangu wa Iringo, Jumapili ijayo mkiona mgeni benchi la mbele, msogee nikae. Na anayejua jumuiya ya mtaa wangu inaitwaje anitumie jina leo leo, kabla mama hajapiga.