Injinia na Jicho Lisilolala

Mjini kuna watu wanaoogopa wezi, na kuna watu wanaokula kupitia uoga wa hao wenzao. Injinia alikuwa wa kundi la pili, na siku nyingi alikula vizuri tu. Uinjinia wenyewe alijipa. Alisomea ufundi wa redio muhula mmoja, ada ikamkimbia, akaondoka chuoni na bisibisi moja na hilo jina. Bisibisi haikuwa yake. Jina nalo, tusichimbe sana.

Biashara yake ilikuwa kufunga kamera za ulinzi. Zilikuwa nyeusi, zinang'aa, zimeinamisha shingo kama mtu anayesikiliza siri. Ndani hamkuwa na kitu ila betri na taa ndogo nyekundu inayokonyeza mchana na usiku. Injinia hakuona hapo dhambi yoyote. "Mwizi anaogopa kuonwa," alikuwa akimwambia mkewe. "Sasa akishaogopa, kuna haja gani tena ya kumwona?"

Mkewe alikuwa akicheka. Mama mkwe hakuwa akicheka. Huyu mama alikuwa na duka la magodoro na pikapu ya kuyabebea, na vyumba viwili vya uani walimokuwa wakiishi Injinia na mkewe vilikuwa vyake. Asubuhi ile Injinia alipokwenda kuazima pikapu, mama alimtazama kuanzia viatu.

"Mkwe, binti yangu nilikukabidhi bila maswali, nikajuta. Gari nitauliza. Likipotea je?"

"Haliwezi kupotea, mama. Si nimelifungia kifaa? Liende liendako, mimi naliona."

Kweli chini ya usukani palikuwa na kiboksi cheusi chenye taa nyekundu. Hicho Injinia alimwuzia mama mkwe wake kwa bei ya ukoo, maana hata ukoo una haki ya kutapeliwa kwa heshima.

"Haya," mama akamtupia funguo. "Gari lisiporudi, na wewe usirudi. Binti yangu anabaki na kitanda kinabaki."

Akaondoka akipiga mluzi. Mtaa aliouchagua ulikuwa wa mageti marefu, kuta zenye vipande vya chupa, na watu wanaonunua kufuli jipya kila jirani anapoibiwa. Wiki iliyopita alimfungia kamera mama wa nyumba ya kona, na mama yule amekuwa akimsifia hadi kwa wauza maziwa.

Hapo ndipo akamwona mteja wake. Mama wa makamo, gauni zuri, miwani ya jua kichwani, amesimama mbele ya geti la umeme anapekua mkoba.

"Pole mama. Kuna tatizo?"

"Rimoti, mwanangu. Nimeisahau ndani."

Injinia alikuwa na miaka arobaini na ushee, ila kuitwa mwanangu na mteja hakumuumi mtu. "Basi Mungu amekuletea mtu wa mifumo ya ulinzi. Ngoja nikuonyeshe kitu cha kukutisha kidogo."

Huo ndio ulikuwa mtindo wake wa kazi. Kwanza anakutisha, halafu anakuuzia dawa. Akatoa kidude cha ukubwa wa kipande cha sabuni, chenye kuiga rimoti, akabonyeza. Geti likafunguka taratibu, kama mdomo wa mtu anayepiga miayo kikaoni.

Mama akashika kifua. "Yaani mtu anaingia hivihivi?"

"Hivihivi. Na mimi ni mtu mwema. Fikiria mbaya."

"Lakini mlango wa mbele hauwezi. Ule ni wa kubonyeza namba. Mume wangu aliambiwa dukani hata shetani haufungui."

Hakuna neno tamu kwa Injinia kama hauwezi. Akausogelea mlango, akabonyeza namba zilezile zinazokuja nao kutoka kiwandani, zile ambazo kila mwenye nyumba anaahidi kuzibadilisha Jumamosi. Mlango ukalia tii, ukafunguka.

"Shetani hafungui," Injinia akasema, "kwa sababu hana haja. Watu wanamfungulia."

Mama akacheka, akatikisa kichwa, akamkaribisha ndani. Sebule ilikuwa na kila kitu: televisheni pana kama mlango, spika za kusimama, kompyuta mezani. Ukutani palikuwa na picha ya mzee mwenye masharubu na mwanamke mrefu, mwembamba kama ufito.

"Mume wangu huyo," mama akasema. "Na huyo ni dada yangu. Watu wanasema tumefanana."

Mama mwenyewe alikuwa mfupi, mnene, mashavu tele. "Kama mapacha," Injinia akajibu. Mteja habishiwi.

Wakapatana haraka mno. Kamera nne, malipo kazi ikiisha, na jioni majirani wa kikundi chake cha akiba waje waone. Injinia alipanda ngazi, akafunga ya kwanza nje juu ya mlango. Taa ikaanza kukonyeza. Kisha akatoa ile hotuba yake ya siku zote, ya kumwondoa mteja chumbani asije akachungulia ndani ya ganda.

"Sasa natoboa ukuta, mama. Vumbi la saruji ni sumu kwa vitu vya umeme. Likiingia kwenye televisheni, imekwisha. Bora ukapumzike uani."

"Wacha we. Televisheni hii mume wangu anaipenda kuliko mimi." Mama akafikiri. "Basi vitu tuvitoe kabisa. Tuvipeleke kwa dada, mtaa wa nyuma hapo."

Injinia akakwama kwenye uongo wake kama paka kwenye gunia. Angesemaje, kwamba vumbi halina neno? Akakunja mikono ya shati akabeba. Alibeba televisheni, akabeba spika, akabeba kompyuta. Alibeba friji akiwa amelikumbatia kama ndugu wa mbali, na mgongo ukamkumbusha umri ambao mama alikuwa ameusamehe.

"Taratibu hapo, unanikwangulia ukuta," mama alimkaripia kutoka jikoni.

"Samahani mama."

Mama wa nyumba ya kona akapita nje na kapu lake. "Injinia, upo? Naona leo unahamisha watu."

"Vumbi, mama, vumbi," akajibu akihema, akafunga kamba ya pikapu.

Mzigo ulipojaa, mama akanyoosha kiganja. "Nipe funguo niwahi. Wewe endelea kutoboa, tusipoteze muda."

Injinia akazishika funguo mfukoni. Aliiona sura ya mama mkwe, akaona na kitanda. "Unaiweza gia ya mkono, mama?"

"Mwanangu, nimeendesha nyumba yenye mume na wifi watatu."

Akacheka, na mkono uliokuwa unasita ukatoa funguo. Pikapu ikatoka getini, taratibu na kwa adabu, hadi ikawasha taa ya kukata kona.

Alikuwa kwenye ngazi, anatoboa tundu la tatu, teksi iliposimama nje. Akashuka mzee mwenye masharubu na masanduku ya safari. Injinia alimtambua palepale.

"Karibu baba, shikamoo. Mama katoka kidogo, anarudi sasa hivi."

"Mama yupi?" akauliza mwanamke aliyemfuata, mrefu, mwembamba kama ufito.

"Ah, wewe ndiye dada yake," Injinia akasema kwa furaha. "Mmefanana."

 Mzee alikuwa ameshaingia sebuleni, anatazama ukuta mahali televisheni ilipokuwa, pamebaki waya mmoja unaning'inia.  Hapo Injinia akasikia, kwa mara ya kwanza, swali alilopaswa kuuliza tangu asubuhi: mwenye nyumba gani asiyejua namba ya mlango wake?

Majirani wakajaa. Askari akaja, mpole, anatafuna kijiti. Injinia akasimulia yote: mama, miwani, rimoti, vumbi.

"Geti nani alifungua?" askari akauliza.

"Mimi."

"Mlango?"

"Mimi."

"Vitu nani alipakia?"

"Mimi, lakini—"

"Nilimwona," akasema mama wa nyumba ya kona. "Mwanamke sikumwona. Nilimwona yeye na friji."

Mzee mwenye masharubu akanyoosha kidole juu ya mlango. Taa nyekundu ilikuwa inakonyeza. "Tunabishana nini? Ile imeona kila kitu. Huyo mwanamke kama yupo, tutamwona."

Injinia akaitazama ile taa. Maishani mwake alikuwa amekaribia ukweli mara chache, na kila mara aliupisha apite. Sasa ulimzibia njia. "Baba, haijaona kitu. Ni ganda tu. Ndani mna betri."

Watu wakaguna.

"Ganda?" Mama wa kona akashika kiuno. "Si ndiyo ileile uliyonifungia mimi? Tangu iwepo hata paka wa jirani hapiti. Afande, huyu anaficha ushahidi."

"Nawaapia, hazifanyi kazi. Hakuna hata moja."

"Tazama," mzee akasema kwa huzuni, "yuko tayari kuharibu jina lake mradi tusiiangalie."

Askari akapanda ngazi, akaitoa kamera ukutani kwa uangalifu, akaifunga kwenye leso safi kama yai. "Mtaalamu ataitazama kituoni," akasema. Taa ikawa inakonyeza kupitia kitambaa.

Simu ya Injinia ikaita. Mama mkwe. Askari akamwashiria apokee, na kila mtu asikie.

"Mkwe, jioni hii. Gari liko wapi?"

Akajaribu sentensi tatu, zote zikamfia mdomoni. Ya nne ikatoka: "Mama, limeibwa."

Akangojea radi. Badala yake mama mkwe akavuta pumzi, na sauti yake ikaja na upole ambao Injinia hakuwahi kuusikia tangu siku ya posa.

"Usilie, baba. Nilikuwa nakudharau bure mimi, ndio leo naona faida ya akili yako. Haya, washa kile kifaa chako, umwambie askari gari liko wapi."

Askari akatoa kalamu, akangoja.