Mama Abalo Bado Anasema

Kwa Mheshimiwa Mwenyekiti,
Zoni ya Karakana, Kibuli.

Mzee wetu,

Naandika kwa adabu, mimi Kamis Abudu, mshona viatu wa pale kona, kuhusu neno la Kiingereza "sabmit". Neno hili katibu wetu, Afande Ogwang, alirudi nalo kutoka semina ya siku tatu kwenye hoteli moja ya Nakasero, pamoja na cheti na kalamu mbili. Tangu hapo, mtu akimaliza kusema mkutanoni lazima atamke "ai begi tu sabmit" kabla ya kukaa. Asipotamka, hajamaliza, na hoja iliyopo haiwezi kuamuliwa.

Sikuwa na ugomvi na neno hilo mpaka Jumapili ile ya kuamua nani atunze ufunguo wa bomba jipya la maji. Mama Abalo alisimama, akasema apewe mtu anayeamka mapema, akakaa, akajifunga leso yake vizuri. Alfajiri akapanda basi kwenda msibani Kitgum. Afande akaandika daftarini: Mama Abalo bado anasema. Leo ni siku ya kumi na tisa. Bomba lina kufuli, na hakuna wa kuamua lifunguliwe.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Nilikwenda soko la Nakawa, nikasimama kwa muuza vitabu, nikasoma kamusi alasiri mbili bila kununua. "Sabmit" ni kuweka maneno yako mbele ya wakubwa wayapime. Basi. Hakuna mahali kamusi inaposema kwamba mtu aliyekwisha kukaa, kusafiri na kuzika bado anasema.

2. Afande anasema mwenye zamu ya kusema hakatizwi wala hatumwi. Kwa hiyo Mama Abalo amesamehewa usafi wa Jumamosi. Nikamwuliza, "Afande, mama yuko Kitgum, hapa anasema kwa mdomo gani?" Akanijibu, "Kamis, kaa chini!" Nilikuwa nimekaa.

3. Uthman wa bodaboda ameujua mlango wa kukwepea kazi. Alipopewa fagio alisema, "Jamani, mimi naona..." akanyamaza. Afande akamwandika. Mpaka leo anaona. Jumamosi iliyopita watu kumi na mmoja walikuwa wanaona, nikafagia peke yangu.

4. Maji. Mke wangu Sitti hupanda kilima kila asubuhi na jerikani mbili kutoka chemchemi ya bondeni. Goti lake la kushoto limevimba. Hili silifanyii mzaha.

Kwa hiyo naomba itangazwe kwamba aliyekaa amemaliza. Ikishindikana, ateuliwe mtu wa kulitamka neno kwa niaba ya wasahaulifu, wasafiri na marehemu. Marehemu hasa, Mzee. Baba yangu hakulitamka neno hilo maisha yake yote, na kwa sheria hii bado anasema. Nami nakumbuka vizuri alipoishia: alikuwa ananigombeza.

Nisalimie mama wa nyumbani kwako, majirani wa upande wa juu, na Afande Ogwang pamoja na cheti chake.

Ni mimi, mkazi wako mtiifu na mwenye kiu,
Kamis Abudu

Nyongeza: Sitti ameisoma barua hii akichungulia begani kwangu. "Umemaliza, Baba Akram?" Nikasema nimemaliza, sahihi si hiyo? "Vizuri. Aliyekaa amemaliza, umeandika mwenyewe." Akaniwekea jerikani mbili miguuni, moja haina mfuniko.

Mzee, nimeipitia upya barua, na mwishoni neno lile silioni. Basi tafadhali futa namba moja hadi nne. Afande ana busara, sheria ibaki. Mimi bado nasema, na anayesema hatumwi. Mama Abalo naye aambiwe asiharakishe, akae na wafiwa.

Ila Sitti amesoma mpaka hapa. Amepanda kitandani, ameweka goti juu ya mto, akasema, "Baba Akram, mimi naona..." akanyamaza. Sasa tunasema wawili, na ndani hamna hata maji ya chai.