Vimistari vya Kahawia

Jumatatu, 3 Juni
Ukungu umeshuka hadi mlangoni. Nimekaa garini tu, naota harusi. Jumamosi baba wa mchumba wangu, mwalimu wa udereva mstaafu, atapanda gari hili. Akiridhika, posa imepita. Ameshasema asiyeona nyuma hapewi mtoto wa mtu. Na kioo changu cha nyuma ni cheupe pe! Nimebonyeza swichi ya kukipasha moto. Kimya.

Jumanne, 4 Juni
Nimepata dawa. Kioo kina stika kuukuu na vimistari vya kahawia, uchafu wa mwenye gari wa kwanza. Nimekwangua vyote kwa wembe. Kazi tamu, mawazo yanaelea yenyewe. Kioo kimetakata. Redio tu ndiyo imeanza kukoroma, sijui ina nini.

Jumatano, 5 Juni
Fundi umeme amebadilisha fyuzi iliyoungua, akasema shida ilikuwa hiyo tu. Kisha akatazama kioo, akashika kiuno. Akauliza ni nani aliyekwangua nyaya zinazopasha kioo, ambazo pia ndizo antena ya redio. Eti vile vimistari! Nikasema simjui. Huyu anajitafutia kazi ya wiki nzima. Nikaondoka zangu.

Alhamisi, 6 Juni
Nimeunga waya wangu mwenyewe, kutoka kioo cha nyuma hadi chini ya usukani. Nimebonyeza swichi, honi ikalia. Jirani katoka na taulo, akaniambia maneno ambayo sitayaandika. Nikajituliza kwa kuchora na kidole kwenye ukungu wa kioo: mimi, mchumba, na mzee mwenye masharubu na tumbo kama mtungi. Tulipendeza sana. Nikafuta kwa kiganja.

Jumamosi, 8 Juni
Mzee alipanda mbele, binti yake nyuma. Pumzi zetu zikajaza ukungu kwenye kioo cha nyuma, na picha yangu ikarudi yenyewe, tumbo na yote. Mzee akageuka, akaitazama weee. Akauliza mwenye masharubu ni nani. Kwa hofu nikabonyeza swichi. Honi! Mchumba akacheka hadi machozi, na mzee naye akaanza kutikisika mabega. Akasema posa ameipokea, ila usukani ataushika binti yake.

Nina furaha, natembea kama niko mawinguni. Nimpe zawadi gani mkwe huyu? Gari lake analitunza kama mboni ya jicho, lakini maskini, kioo cha nyuma kimejaa vimistari vya kahawia. Kesho nitamwahi kabla hajaamka. Wembe mpya ninao.