Asiwe na Jino Hata Moja

Jumatatu, 19 Septemba

Nina mpango. Safari hii hauharibiki.

Jumamosi mkuu wa kambi anakagua askari. Atakayempendeza atapewa ulinzi wa lango la mji majira yote ya baridi. Atakayemchukiza ataenda mnara wa mbali, juu ya mto, hadi theluji iyeyuke. Mwaka jana Dasius wangu alikuwa mnarani. Bonia akazaliwa yeye hayupo. Aliporudi akamnyanyua, mtoto akalia kama kabebwa na dubu. Dasius akacheka, kisha akatoka nje kupasua kuni ambazo hatukuzihitaji.

Jeshi haliruhusu askari kuoa. Kwa hiyo, kwa mkuu, mimi na Bonia hatupo. Lakini tupo, nyumba ya tatu kutoka hamamu, na tunamtaka karibu.

Mpango wenyewe ni bizimu ya mkanda wake. Nimeisugua kwa siki na majivu asubuhi nzima, ing'ae mpaka mkuu afumbe macho. Nikaiweka mlangoni juani, nikageuka kukoroga uji wa mtama. Kurudi, bizimu hakuna.

Mlangoni alikuwapo Bonia tu, anatambaa zake. Na jirani yangu Mama Vindo alikuwa amepita kuazima chumvi. Mume wake, Mokus, naye analitaka lango. Hapo mtu hahitaji shule kuelewa.

Jumanne, 20 Septemba

Dasius kaulizia bizimu. Nikamwambia inakauka. Akauliza tangu lini shaba inakauka. Nikamwambia mambo ya usafi aniachie mimi.

Nimeamua kumshitaki mwizi kwa mungu wa kike wa chemchemi. Mashitaka yake huandikwa kwenye bamba la risasi, ile ya kutengenezea mabomba, si kwenye ubao mwembamba kama huu ninaoandikia. Yeye anakaa majini, ubao ungeelea tu. Risasi sina. Lakini nyuma ya hamamu ya askari kuna bomba limekaa tu, halina kazi. Nikakata ukanda mmoja kwa kisu cha Dasius.

Maji yakaruka. Kumbe lilikuwa na kazi.

Nikaziba kwa kipande cha blanketi la Bonia, nikaondoka kwa mwendo wa mtu asiye na haraka.

Nimeandika kwa msumari, ulimi nje. Jina la Mama Vindo sikuliweka, maana pale chemchemini huwa hawataki umtaje mtu bila ushahidi. Nimeandika hivi: aliyechukua bizimu, awe mwanamume au mwanamke, mtumwa au mtu huru, asilale usiku. Asiweze kutembea. Asiweze kusema neno likaeleweka. Tumbo limwendeshe. Asiwe na jino hata moja kinywani, mpaka bizimu irudi.

Nikaisoma tena. Nikamwonea huruma, lakini kidogo.

Jumatano, 21 Septemba

Chemchemini kuna foleni. Mbele yangu nani? Mama Vindo, kaficha kitu kwenye kikapu. Nami nimeficha kwenye nepi ya mtoto. Tukaulizana habari za nyumbani kwa upole wa kutisha.

Akasema kaibiwa kitana cha mfupa, alichoachiwa na marehemu mama yake. Akasema mwizi ni mtu anayeingia nyumbani kwake kama kwake, tena amebeba mtoto. Nikasema dunia imeharibika, mimi nimeibiwa na mtu anayekuja kuazima chumvi. Akasema chumvi yenyewe ilikuwa na mchanga.

Zamu yangu ilipofika nikakosa pa kumweka Bonia. Mama Vindo akampokea. Kwa hiyo nilimlaani Mama Vindo huku Mama Vindo amenibebea mtoto, anamwimbia. Kisha nami nikamshikia kikapu akamlaani wake. Ndio ujirani.

Mtunza chemchemi, mama mmoja mkali anayepokea mayai ya sadaka bila kusema asante, alituambia tusiwe na wasiwasi. Mungu hamwangalii uliyemdhania wewe. Anamfuata aliye na kitu chako mpaka nyumbani, na mlango hakosei. Nikamtazama Mama Vindo. Naye alikuwa ananitazama.

Alhamisi, 22 Septemba

Bonia hakulala. Analia, mate yanamtiririka, tumbo linamwendesha. Anatafuna mguu wa kiti. Moyo wangu umekuwa kitambaa cha kudekia.

Nikaenda kuchungulia kwa jirani kama laana imemfika. Kakaa mlangoni, mashavu yanawaka, anatafuna dengu kavu. Kavu kabisa, nasikia zinavyopasuka mpaka kwangu. Meno yote yapo.

Nimeelewa. Huyu mwanamke kaigeuza laana yangu, kamtupia mwanangu.

Nikaoka mkate mgumu wa kijeshi, ule ambao askari huuloweka kutwa ndipo waumege. Nikampelekea, nimpime. Akaula hapo hapo huku akinisimulia habari za miguu ya Mokus. Akaomba mwingine. Akaniambia Mama Bonia, siku hizi unajua kuoka.

Habari za mji: hamamu ya askari haina maji. Bomba limepasuliwa. Mkuu hajaoga na anapiga kelele inayofika sokoni. Watu wengine hawana haya.

Ijumaa, 23 Septemba

Kesho ni ukaguzi. Nimemwambia Dasius ukweli. Bizimu haipo, Mama Vindo anayo, laana nimepeleka, imemrudia mtoto. Nililia mpaka nikapata kwikwi.

Dasius si mtu wa maneno. Alikaa, akaniomba nimsomee laana yenyewe, polepole. Nikasoma. Asilale. Asitembee. Asiseme. Tumbo. Jino.

Akaniuliza mke wangu, humu ndani nani halali, hatembei, hasemi, na hana jino?

Nikasema Bonia, maskini, amekuwa hivyo tangu...

Nikamtafuta Bonia kwa macho.

Bonia wakati huo alikuwa chini ya meza na kijiko changu. Tukamwangalia bila kupumua. Akatambaa mpaka kona ya pipa la unga, akakisukuma kijiko ndani ya tundu la panya, akapiga makofi.

Nimemlaani mwanangu mwenyewe. Kwa mkono wangu, kwa msumari, kwa herufi nzuri.

Tukasogeza pipa, tukachimba sakafu. Kikatoka kijiko. Ikatoka bizimu. Ikatoka dadu ya Dasius, ile aliyowahi kupigana na Mokus kwa kudhani kaiiba. Kikatoka kitana cha mfupa. Basi mtoto alikuwa na laana mbili, ya kwangu na ya Mama Vindo, na bado ana nguvu za kutafuna kiti.

Dasius alikuwa ameshanogewa na kuchimba. Chini ya sakafu yetu kulikuwa na majivu, na chini ya majivu sakafu nyingine, ya watu waliokaa hapa kabla mji haujaungua, babu zetu hawajazaliwa. Hapo akaibua kiatu. Cha ngozi, cheusi, na misumari midogo soli nzima. Cha mtoto. Nikakipima kwenye mguu wa Bonia, kikamkaa sawasawa.

Kuna mama alikitafuta kiatu hiki, nikasema. Alipekua nyumba nzima.

Dasius akasema bila shaka alimlaani jirani.

Nikakimbia chemchemini, mtoto mgongoni na bizimu mkononi, nikaiinua juu ya maji ionekane vizuri. Nikasema imerudi, yaishe, huyu ni mdogo, hajui. Mtunza chemchemi akanifokea kwamba nafanya kelele. Nikamtia Bonia kidole mdomoni kumnyamazisha. Kitu kikanichoma. Kidogo, kikali, chini upande wa kushoto.

Jino. Mungu ana mkono mwepesi.

Kitana nilikirudisha kwa siri, nikakitupa dirishani kwa Mama Vindo. Kikatua kwenye chungu cha dengu za vitunguu. Baadaye akaja mbio kunieleza muujiza, kitana kinanuka vitunguu. Akanikumbatia, akasema alinidhania vibaya. Nikamwambia nimemsamehe.

Jumamosi, 24 Septemba

Asubuhi niliona niisugue bizimu mara ya mwisho, ili iwe ya ajabu. Siki nyingi, majivu mengi, mchanga kidogo.

Kumbe ule weupe uliokuwa uking'aa ulikuwa umepakwa tu juu ya shaba. Ulitoka wote. Ikabaki nyekundu kama kitako cha sufuria, na hapo tarumbeta zinalia.

Nilisimama na wanawake nyuma ya uzio. Mkuu akapita. Akafika kwa Dasius, akaitazama bizimu muda mrefu, akauliza kama ameivua kwenye punda. Lango akapewa Mokus. Mama Vindo akanishika mkono, na hilo liliniuma zaidi.

Nikaanza kufungasha soksi za mnara kichwani mwangu. Sufi, jozi zote alizonazo. Na kile kiatu cheusi nikafikiri nimpe aende nacho, akiangalie.

Kisha mkuu, ambaye mpaka leo hajaoga, akasema anataka mtu wa kulinda mabomba ya hamamu dhidi ya mwizi, kuanzia sasa mpaka majira ya kuchipua. Nyuma kule kwenye moshi na matope. Kila mtu akatazama viatu vyake, maana hata mnara una heshima kidogo.

Dasius akainua mkono. Haraka, kama mtoto anayejua jibu.

Jioni alikuja, akakaa, akambeba Bonia. Mtoto hakulia. Alimng'ata kidole, Dasius akaonekana kama mtu aliyepewa zawadi. Akaniambia ukuta wa hamamu una joto mchana kutwa, nimpeleke mtoto huko kukiwa na baridi. Kisha akatoa kitambaa mfukoni, kimefuliwa na kukunjwa, akaniwekea mapajani.

Kipande cha blanketi la Bonia.

Alikitoa kwenye bomba yeye mwenyewe, walipotumwa kutengeneza. Hakuniuliza lolote. Nami nikakishona mahali pake.

Mungu wa chemchemi anafanya kazi. Nimeona kwa macho yangu. Nilimpa mashitaka, mume wangu amebaki.

Jumanne, 27 Septemba

Upawa wangu umepotea. Ule mpya, wa mti wa mpea.

Nilikuwa nao asubuhi. Mama Vindo kapita kuazima siki, kakaa, kacheka sana. Tangu Mokus apate lango amekuwa na uso wa mtu aliyeshiba. Namtazama tu.

Nimetafuta kila mahali. Kona ya pipa tu ndiyo sikufika, maana Bonia kalala pale pale chini, mkono kautumbukiza kwenye tundu la ukutani mpaka kiwiko, anatabasamu usingizini. Nani atamwamsha mtoto aliyelala hivyo?

Maneno ninayo tayari. Asilale, asitembee, asiseme. Safari hii nitaongeza na mate yamtoke, na akiachwa peke yake alie.

Kilichobaki ni risasi. Lile bomba wameshalirudishia zima, tena sasa linalindwa mchana kutwa. Lakini mlinzi namfahamu.