Ofisi Kuu Juu ya Meza ya Pasi

Jumatatu, 4 Machi

Iwekwe kwenye kumbukumbu za vizazi: leo, saa tatu na dakika kumi asubuhi, meza ya kupigia pasi imepandishwa cheo na kuwa Ofisi Kuu. Hafla ilikuwa fupi. Waliohudhuria: mimi, pamoja na kitindamimba wangu wa miaka mitatu, aliyekuwa amevaa soksi moja na si kingine.

Hii ni wiki ya saba tangu kiwanda cha magodoro kinipunguze. Barua ilisema Idara ya Uratibu "imeonekana haihitajiki". Miaka kumi na moja nimeratibu! Niliratibu nini hasa, hilo si swali la kiungwana.

Lakini mambo yamenyooka. Kiwanda cha rangi kinatafuta msimamizi wa ghala, na nimeitwa. Usaili ni Alhamisi, kwa video. Nimejitazama kwenye kioo cha bafuni, ubavu wa kulia na wa kushoto. Msimamizi wa ghala kabisa.

Mke wangu ni muuguzi. Alisoma ule mwaliko amesimama, viatu vya kazi mkononi. Akasema haya, baba watoto, jaribu, ila tuelewane mapema. Wodini wanataka awe mkuu wa wodi, kazi ya kutwa nzima, na jibu wanalitaka wiki hii. Nikipata kazi, ataikataa, abaki na nusu siku yake, maana hawa watoto hawajilei. Nisipopata, anaichukua, na mimi ndiye wa nyumbani. Rasmi. Habari ya "nipo kwenye kipindi cha mpito" iishe.

Nikamwambia aanze kuandika barua ya kukataa. Nilicheka kwa kujiamini. Nilicheka peke yangu.

Jumanne, 5 Machi

Balaa! Kufuli naye ameitwa kwenye usaili huo huo!

Kufuli ni jirani yetu wa ukuta kwa ukuta. Alikuwa mtunza stoo pale pale kwenye magodoro, tukapunguzwa siku moja. Jina hilo alilipata kazini. Ukimwomba kalamu, anafungua kufuli tatu, anaitoa, anafunga kufuli tatu, kisha anakupa fomu ya kujaza, na kalamu ya kuijazia hana. Anaishi na mwanawe wa miaka minne. Mama wa mtoto anafanya kazi mji mwingine, huja mwisho wa mwezi.

Alikuja na mtoto mgongoni kuomba msaada. Mkuu, akasema, wewe umekaa na watu wa ofisini, hivi huwa wanauliza nini? Yeye anajua maboksi tu. Akiona mtu kavaa tai anasahau hata mwaka aliozaliwa.

Nikamkaribisha Ofisi Kuu. Nikamvisha kilemba cha ukoka kwanza, kwamba mtu wa uzoefu wake hana cha kuhofia. Kisha nikamshauri jambo ambalo mwombaji kazi mwenye akili timamu hawezi kulithubutu: aseme ukweli. Akiulizwa udhaifu wake, autaje. Akiulizwa kwa nini alipunguzwa, aseme hajui. Akiulizwa habari za familia, aeleze kwamba analea peke yake, na saa kumi ikigonga, iwe mvua iwe jua, anaondoka.

Aliandika yote, neno kwa neno. Macho yakamlengalenga. Akasema watu wa aina yangu wamebaki wachache.

Sikuona sababu ya kumbishia.

Jumatano, 6 Machi

Uamuzi wa kimkakati: kesho sina watoto.

Fomu ya usaili iliuliza idadi ya wategemezi. Nimeandika "Hakuna". Mwajiri akisikia mtoto, anaona surua, anaona vikao vya wazazi, anaona mtu mwenye madoa begani. Mimi nataka aone ghala.

Kikwazo: kesho mke wangu yuko kazini, na shule ya binti yetu imefungwa, walimu wana semina. Ana miaka sita. Nimemwajiri. Cheo ni Mkuu wa Ulinzi, kazi ni kushika mlango na kumchunga mdogo wake. Nimemvika shingoni kitambulisho changu cha zamani cha magodoro, nikamkaririsha kanuni mbili. Ya kwanza: saa za kazi mimi si baba, mimi ni Bosi, ili hata sauti ikipenya mlangoni isiniumbue. Ya pili: tukio lolote lisipigiwe kelele. Liripotiwe kwa utulivu, ana kwa ana.

Hiyo ya pili niliwahubiria watu wa magodoro miaka kumi na moja, haikuwaingia. Binti kaishika mara moja. Akauliza Mkuu wa Ulinzi anapata likizo lini. Nikamwambia tutaangalia.

Baadaye akanionyesha daftari lake la shule. Waliambiwa wachore kazi ya baba. Amechora mtu anaanika nguo, kinywa wazi kwa furaha. Mwalimu kaandika "Vizuri sana". Nikamwambia wiki ijayo atachora upya, ghala, na mimi katikati. Akasema mbona huyu keshafanana na wewe.

Nikalifunga daftari. Zile nguo zilikuwa zimeanikwa kwa mpangilio mzuri, hilo nakiri.

Alhamisi, 7 Machi

Usaili! Koti, shati, tai. Chini, kaptura ya mazoezi, kwa kuwa kamera haifiki huko.

Jopo la watu watatu. Mwenyekiti ni mama mmoja wa miwani, anayesikiliza kama daktari anayesubiri ukohoe. Nikaanza kwa kishindo. Udhaifu wangu? Huchapa kazi kupita kiasi. Nikataja tija. Nikataja ufanisi. Nikataja tija tena. Mjumbe wa kushoto akapiga mwayo wa kuafiki.

Mwenyekiti akauliza kama nina majukumu ya nyumbani yanayoweza kugongana na zamu. Nikasema hapana, mama, mimi na kazi, kazi na mimi.

Mlango ukafunguka. Polepole, bila kelele, kama kanuni inavyotaka. Mkuu wa Ulinzi akaja hadi mbele ya kamera, mikono nyuma, kitambulisho kifuani. "Bosi, kuna tukio. Amemaliza chooni. Anasubiri kutawazwa."

Nikawaambia ni mtoto wa jirani.

Mwenyekiti akavua miwani. Akamwuliza kwa upole, mwanangu, huyu ni nani wako? Mtoto huyu! Niliyemfundisha mwenyewe! Akajibu bila kupepesa: "Ni bosi wangu. Mimi nafanya kazi hapa."

Una miaka mingapi? Sita. Na huwa unapumzika? "Nimeomba likizo. Amesema tutaangalia."

Nikasimama ili nifafanue. Kaptura nilikuwa nimeisahau kabisa.

Na kutoka chooni, kwa sauti ya kuita majirani: "Babaaa! Nimemalizaaa!"

Mwenyekiti akainama akaandika. Aliandika muda mrefu sana, ukurasa wa kwanza, ukurasa wa pili. Dalili njema. Mtu haandiki kurasa mbili kuhusu mtu asiyemvutia.

Ijumaa, 8 Machi

Kufuli kaja kusimulia usaili wake. Nikampokea kwa huruma, kama anavyopokelewa mtu aliyefungwa mabao sita.

Mkuu, akasema, nimefuata kila ulichoniambia. Udhaifu: hufunga vitu mno, wiki iliyopita alijifungia nje ya nyumba yake mwenyewe. Sababu ya kupunguzwa: haijui, akawauliza wao kama wameisikia. Mtoto alikuwa mapajani mwanzo hadi mwisho, anakula biskuti. Saa kumi ilipogonga akawaambia samahani wakubwa, huyu bwana anataka kuogeshwa, akazima.

Akazima! Jopo zima! Nikampa pole, nikageukia dirishani nipate kutabasamu kwa nafasi.

Mke wangu aliporudi akauliza wangu ulikwendaje. Nikasema walivutiwa sana na mfumo wetu wa ulinzi. Akamtazama binti. Binti akatazama sahani yake.

Jumatatu, 11 Machi

Majibu yamekuja alfajiri. Mistari minne. Nafasi imekwenda kwa mwombaji aliyewagusa kwa "ukweli ambao jopo halijawahi kuusikia". Mstari wa nne unanishauri nisome sheria inayohusu kuajiri watoto. Wameniambatanishia kijitabu.

Kufuli kanikumbatia mlangoni hadi mbavu zikalia. Ananiita mwalimu. Wanamtaka aanze leo hii.

Nilimwendea mke wangu kwa hatua za mtu wa kutoa hotuba. Alikuwa anafunga kamba za viatu. Akasema usijisumbue, baba watoto, wodini alishawapa jibu Jumatano. La kukubali. Na alipofika mlangoni akaniambia, si kwa kejeli, kwamba watoto hawajawahi kuwa wazima kama wiki hizi saba.

Nimechambua kilichotokea, kwa utulivu. Kosa lilikuwa la idadi ya watumishi. Mkuu wa Ulinzi alikuwa mmoja! Wangekuwa wawili, mmoja angeshika mlango, mwingine angebaki na mtuhumiwa chooni. Kiwanda cha mabati kinatafuta msimamizi wa zamu. Fomu nimeijaza tayari. Wategemezi: hakuna.

Saa moja na nusu Kufuli amemleta mwanawe, na begi la nguo za kubadilishia. Nitakuwa naye hadi saa kumi, kila siku ya kazi.