Jina Moja Linatosha

Jumatatu, 3 Machi 1986
Nimechelewa tena. Mashine ya ofisi inalinganisha majina ya wenye maduka na maagizo yao ya unga, herufi kwa herufi, polepole kama kobe. Nafika Makadara, Muhiba keshalala mgongoni kwa Khadro, jirani anayenishikia mtoto. Khadro akasema nikichelewa tena nitafute mwingine. Nimtoe wapi? Bila yeye sina kazi.

Jumanne, 4 Machi
Dawa imepatikana! Nimemshauri bosi, Bwana Nabiswa, mashine isome jina la kwanza na mtaa, basi. Johnson wa meza ya pili anataka isome jina zima. Kanuni zake ndefu hata yeye huzisoma akipumzika njiani. Nabiswa anapenda vitu vyepesi. Nimeshinda. Johnson akaniuliza kama unga nao nitaupima kwa macho.

Jumatano, 5 Machi
Kazi imeisha saa tisa! Nimemwogesha Muhiba mwenyewe, jua bado lipo. Jino limechomoza. Nimelia kidogo.

Alhamisi, 6 Machi
Balaa. Jama, mumewe Khadro, ana duka hapa mtaani. Binamu yake, Jama vilevile, ana lake mtaa huuhuu, ng'ambo ya barabara. Wote walirithi jina la mzee mmoja wa ukoo. Lori limeshusha magunia yote kwa binamu! Kwa Khadro, rafu tupu. Akaniuliza ni nani huko ofisini asiyemjua mumewe. Nikasema Johnson.

Akanieleza, Muhiba kiunoni: kwao huandikwa jina la mtu, la baba, kisha la babu. Mumewe ni Jama Hashi Wehliye. Yule ni Jama Saad Wehliye.

“Mwambie huyo Johnson mashine isome yote,” akasema. “La sivyo, mama, mashine ikushikie mtoto.”

Ijumaa, 7 Machi
Sikulala. Tukisoma majina yote, nachelewa, Khadro ananirudishia mtoto. Tusiposoma yote, ananirudishia vilevile. Johnson anasema kanuni zake ziko tayari, nimwombe tu kwa adabu. Johnson? Heri nibebe magunia kichwani.

Alfajiri, Muhiba akinyonya, jibu likaja. Jina la kwanza ndilo linalochanganya watu. Tuliache! Tusome la mwisho na mtaa. Jepesi, la haraka, na halikosei: babu wa mtu ni mmoja.

Nabiswa amekubali. Nimewahi nyumbani. Nimemwambia Khadro apange nafasi dukani, Jumatatu lori linakuja.